Tangazo la Mwalimu

Tarehe 11 Februari

Shemeji,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Tukianza vizuri tunaishia kukatiana, halafu nabaki na simu mkononi nikijibizana na ukuta. Labda kwenye karatasi tutasikilizana.

Jambo lenyewe ni lile tangazo la redioni. Jana nilikwenda na Chiriku kwenye duka la vifaa vya umeme kununua waya, maana kompyuta za mstari wa nyuma zinazimika zenyewe. Redio ilikuwa juu ya kaunta. Mara nikasikia: "Unaogopa kompyuta? Kompyuta haing'ati! Njoo uiguse!" Halafu kile kicheko chake mwishoni, kile nilichomwambia akitoe akakataa. Mwenye duka ananifahamu, alikuja mazikoni. Aliirukia ile redio akaizima kama mtu anayezima moto. Lakini mwanangu alikuwa ameshazunguka kaunta. Alimvuta shati yule mzee, akamwambia, "Washa tena, Baba hajamaliza."

Mwalimu ana miezi minne kaburini, shemeji. Nilidhani baada ya mazishi ungeliondoa. Nilinyamaza nikijua una msiba kama mimi. Sasa nakuomba: liondoe.

Huku chuo kinapumua kwa shida. Darasa la asubuhi limebaki nusu. Ng'ambo ya barabara wamefungua kituo kingine, skrini zao kubwa kama milango, na wana kijana anayesimama nje na kipaza sauti. Mimi unanijua, ni mtu wa nyuma. Mashine ikigoma niite, mwanafunzi akichanganyikiwa na majedwali niite, lakini kusimama barabarani kuita watu ilikuwa kazi ya ndugu yako. Yeye alikuwa mdomo, mimi nilikuwa mikono. Mdomo umekwenda.

Na mama yako? Sijasikia neno lake hata moja. Mwalimu alifia njiani akienda kumwona yeye hospitalini, na yeye hakuja kumzika, wala hata alipopata nafuu hakutuma salamu za pole. Najua hakunitaka tangu mwanzo. Lakini huyu aliyekufa hakuwa mume wangu tu.

Chiriku anamsalimu baba yake mdogo.

Mama Chiriku


Tarehe 19 Februari

Shemeji mpendwa,

Barua yako nimeipata. Pole kwa yaliyokukuta dukani. Mwambie Chiriku nampenda, na meno yake ya mbele yaliyong'oka yakiota nitamletea zawadi.

Kuhusu tangazo, naomba unielewe. Limeshalipiwa hadi mwisho wa Juni na redio hawarudishi. Halafu, tuseme ukweli wa biashara, hakuna kitu kinachotuletea watu kama lile tangazo. Hapa kwenye tawi langu wanaingia mlangoni wakicheka, wanasema, "Tumekuja kuigusa." Wauza mitumba, makarani, hata askari mmoja aliyestaafu. Nimeongeza darasa la jioni. Nimechapisha fulana zenye maneno yale. Ukikubali nitakutumia fulana, vipeperushi na nakala ya tangazo, ulipige mlangoni kwako. Huyo kijana wa kipaza sauti hatafua dafu. Mwalimu alitaka matawi kila mji, unakumbuka. Tukizima sauti yake sasa tutakuwa tumemzika mara ya pili.

Mama anaendelea vizuri kidogo kidogo. Mkono wa kulia bado hausikii. Anakusalimu sana.

Shemeji yako


Tarehe 27 Februari

Shemeji,

Fulana ubaki nazo. Unataka nisimame mlangoni nimpige marehemu mume wangu kwenye spika ili watu waje kujifunza kuchapa barua? Umewahi kulala kitanda kimoja na ile sauti? Wewe ulikuwa unaisikia sikukuu na mikutano ya biashara. Mimi ndiyo ilikuwa inaniuliza kama nimezima jiko.

Wala usiniambie kuzika mara ya pili. Mara ya kwanza tulizika mimi na wewe na majirani.

Na zile salamu za mama yako, shemeji, usizitunge. Miezi yote hii, leo ndiyo anakumbuka kunisalimu "sana"? Najua mtu anaposalimiwa kwa salamu ya kweli.

Nikueleze kinachoendelea huku ili usidhani nangoja kuokolewa. Nilitangaza Jumamosi ya wazi, yeyote aje aone bure. Walikuja watatu, mmoja wao alikuwa amekosea mlango akitafuta fundi viatu. Nilirudi ndani nikalia nyuma ya printa. Jumatatu nikachukua kompyuta ndogo, nikamfuata yule mwenye duka la umeme, nikamwambia, "Mzee, nipe nusu saa, nikupangie bei zako zote usihangaike tena na vikaratasi." Akacheka. Alipoona orodha yake inajipanga yenyewe kwa herufi, akaita mke wake aje aone. Wiki ile ile akaniletea jirani yake wa duka la rangi. Sasa napita duka kwa duka. Sipigi kelele. Nakaa nao, nafungua mashine, nawaonyesha kitu kimoja wanachokihitaji. Wengine wananifukuza. Lakini nimepata darasa la mchana, karibu wote wafanyabiashara, na vidole vyao vizito kama nyundo.

Kwa hiyo inawezekana bila tangazo. Chuo kimesajiliwa kwa jina la mume wangu na langu. Usipolisimamisha nitawaandikia redio mwenyewe.

Jambo la mwisho. Shule zikifungwa mwezi wa nne namleta Chiriku kwa bibi yake. Akitaka kunifukuza, anionyeshe mlango mwenyewe, asipitishie kwako. Mtoto ana haki ya kumjua.

Mama Chiriku


Tarehe 6 Machi

Shemeji,

Tafadhali usiwaandikie redio. Na tafadhali usimlete mtoto. Ngoja nikueleze, halafu uniite jina lolote unalotaka.

Mama hajui.

Hajui kama kaka amefariki. Hakukataa kuja kuzika, shemeji. Siku ile ajali inatokea alikuwa na saa chache tu tangu apigwe na kiharusi, mdomo umepinda, hawezi hata kumeza maji. Daktari aliniita pembeni akaniambia, "Mama yako asipate mshtuko wowote, presha yake ikipanda tena hatutampata." Nilikuwa nimetoka kupokea simu yako. Nilirudi wodini nikakaa kwenye kiti. Akanitazama, na kwa ule mdomo wake akajitahidi kuuliza: anakuja? Alikuwa anamngoja kaka. Nikamwambia amepata safari ya ghafla. Hilo ndilo lililonitoka.

Nikaja kwako kuzika, nikarudi, nikamwambia nilikuwa nashughulikia tawi.

Nilidhani nitangoja apate nafuu kidogo. Alipotoka hospitali nilijiandaa kweli. Nilikaa kitandani kwake nikamshika mkono nikasema, "Mama, kuna jambo." Redio ilikuwa inaongea pale dirishani, sikuwa nimeifikiria kabisa. Kaka akatokea. "Kompyuta haing'ati!" Mama akatabasamu, shemeji. Upande mmoja wa uso. Akasema, "Mwanangu." Lilikuwa neno la kwanza kulisikia kwake likiwa limenyooka tangu alipoanguka.

Ungekuwa wewe ungemwambia?

Tangu hapo kila siku anataka redio. Akiuliza mbona kaka haji, namwambia anafungua matawi. Akiuliza wapi, nataja mji. Nimeshamfungulia kaka matawi mengi ambayo hayapo. Nikirudi jioni ananiuliza habari za hayo matawi, nami nampa, idadi ya wanafunzi, matatizo ya umeme, mwenye nyumba mkorofi. Majirani waliojua nilikwenda kuzika nimewaambia marehemu alikuwa rafiki yangu. Hata wanafunzi wakiuliza yule mwalimu wa redioni atafundisha lini, nasema yuko makao makuu.

Halafu kuna lile jambo lingine, ambalo wewe unalijua na ndilo linalonifunga mdomo. Nikisema amekufa, ataniuliza alikufa wapi. Nitamwambia nini? Kwamba alikuwa njiani kuja kwake?

Ndiyo maana sizimi tangazo. Siyo wanafunzi. Wanafunzi nao ni kweli, sikatai, lakini siyo wao.

Usije, nakuomba.

Shemeji yako


Tarehe 14 Machi

Shemeji,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama darasani, wanafunzi wanachapa. Nikatoka nje. Nilisimama kwenye kibaraza mpaka mmoja akaja kuniuliza jinsi ya kuhifadhi kazi yake, nikashindwa kukumbuka.

Nimemchukia yule mama miezi yote hii. Nimemtukana nikifua, nikipika, nikifungua mlango wa chuo. Nimemwambia Chiriku bibi yake ana moyo wa jiwe. Na kumbe amelala huko anangoja mwanawe amalize kufungua matawi.

Sikuiti jina lolote. Ningekuwa mimi wodini, sijui ningesema nini. Lakini hospitali alitoka zamani. Sasa hivi humlindi tena, umezoea tu. Na mimi je? Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyempenda Mwalimu kama nilivyompenda mimi, ukanifanya nimwone adui. Tungelia pamoja sisi wawili, hata kama hatupatani. Hilo umelichukua.

Kuhusu ajali, najua unachoogopa. Nami ilinichukua muda. Kwa muda mrefu nilisema moyoni kama asingeugua, mume wangu angekuwa hai. Sasa nasema alikuwa mwana anayemwendea mama yake, basi. Gari ndilo lililomuua.

Mtoto wangu hatakaa mbele ya bibi yake na kusema baba yuko safarini. Sitamfundisha hilo. Una muda mpaka shule zifungwe. Mwambie wewe, taratibu, daktari akiwa karibu. Redio sitawaandikia kwanza.

Mama Chiriku


Tarehe 25 Machi

Mkwe wangu,

Usishangae mwandiko, ni wa binti wa jirani. Anasoma kompyuta kwa mwanangu mdogo, na leo amekuja kunikalia. Mimi nasema yeye anaandika. Namwambia aandike kama nisemavyo, asinirembee.

Sijawahi kukuandikia. Ulipoolewa nilisema maneno ambayo mama mkwe hapaswi kusema, na nyumbani kwako sikukanyaga. Nilitaka mwanangu akae karibu nami. Nikaona wewe ndiye uliyemhamisha. Ukubwa wote ule na bado nilikuwa na wivu wa kitoto. Nisamehe.

Nakuandikia kwa shida moja. Ongea na mume wako.

Nilipolazwa hakuja kuniona. Nikasema ana kazi. Nikatoka hospitali, hakuja. Simu hanipigii. Mdogo wake ananiambia anafungua vyuo, kila siku mji mpya, nami nafurahi, mama gani hafurahi mwanawe akistawi? Lakini mkwe wangu, hata mwenye vyuo mia anaye mama mmoja. Mdogo wake nikimbana anatazama pembeni, nikajua kuna kitu ananificha. Nimewaza nikaona ni hiki: mwanangu amenikasirikia kwa ajili yako, kwa yale maneno yangu ya zamani, na mdogo wake anaona haya kuniambia.

Namsikia redioni kila siku. Mwanzoni ilikuwa dawa. Sasa naona anasema maneno yaleyale, kicheko kilekile, kama mtu ambaye hana jipya la kuniambia. Anawaita watu wote waje. Mimi haniiti.

Mwambie nimekosa. Mwambie mkono mmoja umekufa na mguu hauna nguvu, ila masikio yako sawa, aje hata akae kidogo kisha arudi kwenye vyuo vyake. Asipotaka kuja, aniambie kwa kinywa chake kwamba hataki. Nitamwelewa.

Mjukuu wangu nasikia ni msemaji sana. Mbusu.

Mama mkwe wako


Tarehe 31 Machi

Shemeji,

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya mama yako. Isome ukiwa umekaa.

Hakuja kumwona, anasema. Hakuja! Mwalimu alitoka hapa hata chai hajamaliza. Alimwachia mwanafunzi kipindi chake, akatupa nguo mbili kwenye mkoba, akaniambia, "Nikifika nitakupigia." Wewe uliogopa Mama atajilaumu kwamba mwanawe alikuwa akija kwake. Sasa ana hakika kwamba hakuja. Kipi kinaua taratibu zaidi?

Tunakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Kama hujamwambia nitamwambia mimi.

Mama Chiriku


Tarehe 22 Aprili

Shemeji,

Nyumba imekuwa kubwa. Tangu mlipoondoka na Mama sijakihamisha kitanda chake, wala sijui kwa nini nakuandikia mambo ambayo uliyaona mwenyewe. Labda kwa sababu wewe ulikuwa umeupa mgongo mlango na mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni.

Nilikuwa nimejaribu kumwambia Jumatano. Nilijaribu na Alhamisi. Mara zote mbili nilifika mpaka kwenye "Mama" nikaishia kumuuliza kama anataka maji. Mlipoingia niliona umenitazama ukajua. Hukunigombeza. Ulimweka Chiriku mikononi mwa muuguzi niliyemwita pamoja na daktari, ukavua viatu ukapanda kitandani ukakaa karibu naye kama mtu wa nyumbani.

"Mama," ulimwambia, "barua yako nimeipata. Siwezi kumpa mume wangu ujumbe wako."

"Amekataa?"

"Hakukataa, Mama. Mwalimu alifariki mwezi wa kumi. Ulipoanguka tulipigiwa simu asubuhi. Aliondoka saa ileile. Gari lilipinduka kabla hajafika."

Nilikuwa namtazama daktari wakati huo, siyo Mama. Nilikuwa nangoja Mama aanguke. Nikamsikia Mama akivuta pumzi, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. Hakuuliza vipi wala wapi.

"Alikuwa anakuja kwangu?"

"Alikuwa anakuja kwako, Mama. Mbio."

"Hakunikasirikia?"

"Hata siku moja."

Ndipo akalia. Ulilia naye, vichwa vimegusana, na mimi nilikuwa nimesimama pale na trei ya chai kama mhudumu wa hoteli. Halafu akainua uso akanitazama. "Wewe ulijua," akasema. Hilo ndilo neno la mwisho nililolipata kwake. Siku zote mlizokaa hakunijibu. Aliposema anataka kwenda kwako akalione kaburi, alikuambia wewe. Alipopanda gari nilimshika kiwiko, akakiondoa.

Tangazo nimeliondoa. Nilikwenda redioni mwenyewe. Msichana wa mapokezi akasema, "Mbona mnaliondoa, linapendwa sana hili!" Nikamwambia mwenye sauti amefariki. Shemeji, katika mji huu sikuwa nimewahi kuyasema maneno hayo kwa kinywa changu. Niliketi palepale sakafuni, kati ya viti vya wageni. Yule msichana maskini akaniletea maji akiniuliza, "Amefariki leo?" Kwangu mimi ilikuwa kama leo.

Wanafunzi wameanza kupungua. Wengine wamekasirika kwamba niliwadanganya kuhusu makao makuu. Wana haki. Darasa la jioni nimelifunga.

Nijulishe hali ya Mama. Akila, akilala. Hata kama hataki nijue.

Shemeji yako


Tarehe 20 Mei

Shemeji,

Anakula. Presha imetulia, daktari wa huku ameridhika. Analala na Chiriku, na hao wawili wakianza maneno hakuna anayelala nyumba nzima.

Kaburini tulikwenda wiki ya kwanza. Aliomba tumwache peke yake, tukamwachia kiti. Alikaa hadi jua likawa kali, tukamfuata na mwavuli. Alikuwa anaongea. Sikusikiliza.

Wewe hakutaji. Nikikutaja mimi anauliza kama nguo zimekauka. Sitakudanganya kwamba amelainika, uongo umetutosha. Mpe muda.

Kuhusu tawi, usilifunge bado. Zima muziki mlangoni, weka fulana kabatini, anza kutembea. Chukua kompyuta ndogo, nenda kwa muuza dawa, kwa mwenye gereji, kwa wenye stoo, mwulize kila mmoja kinachomsumbua, umwonyeshe kitu kimoja. Watakufukuza, unarudi kesho. Ni kazi ya polepole na inaumiza miguu, lakini anayekuja hivyo anakaa, na anamleta mwenziwe. Huku darasa la mchana limejaa, natafuta meza nyingine. Kituo cha ng'ambo bado wanapiga kelele. Wapige.

Ila nisiwe mwongo na mimi. Jioni nikifunga mlango nageuka kumwambia tumepata wanafunzi wangapi, na hakuna mtu. Chuo kinakua na sina wa kumwambia. Hilo halina dawa ya kutembea duka kwa duka.

Mama anashinda darasani siku hizi, kwenye kiti karibu na dirisha. Anasema anapenda mlio wa kibodi. Juzi aliniomba nimpe mashine moja ajaribu kwa mkono wa kushoto. Nilimwekea pembeni. Hasemi anachapa nini, na nikipita anafunika skrini kwa kitambaa.

Mama Chiriku


tarehe 3 julai

mwanangu

naandika mwenyewe. kidole kimoja cha mkono wa kushoto. herufi kubwa zimenishinda, zinataka vidole viwili kwa pamoja. mkwe wangu kaniambia ziache.

barua hii ni fupi lakini imenichukua siku nyingi. nikikosea nafuta. kinywa nacho kingekuwa na kitu cha kufutia ningefuta mengi niliyosema maishani

bado nina hasira na wewe. usidhani zimekwisha. ulininyima kumzika mwanangu. ulinipa vyuo vya uongo nikavifurahia. na mbaya zaidi uliniacha niamini mtoto wangu amenitupa, na wewe ulikuwa unaniona.

hayo nimeyasema. sasa nakuambia lingine ambalo nimeliwaza kwenye kiti hiki.

kaka yako ndiye aliyekufundisha kuendesha baiskeli. ndiye aliyekupeleka shule siku ya kwanza maana mimi nilikuwa kazini. alipokufa ulikuja ukamzika, ukarudi siku ileile. uliingia wodini kwangu. nakumbuka siku ile kwa sababu ulikuwa na vumbi kwenye viatu na wewe hujawahi kuvaa viatu vichafu. ulinilisha kwa kijiko. ukanifuta mdomo. nikakuuliza habari za tawi ukaniambia wanafunzi ni wengi. ukacheka

miezi yote ile ulikuwa unarudi jioni unanipa habari za mtu aliyekufa kama mzima. mimi nilikuwa na mkwe wangu wa kulia naye, nilipojua. yeye alikuwa na majirani. wewe nimekutafutia mtu sikumpata.

sijui ulilia wapi.

njoo ulie hapa

mama